Mwalimu Aliyesahihisha Televisheni

Kuna mtu nilimchukia kwa miaka mingi, nikamchukia kwa bidii, kama mtu anavyofanya kazi aliyoajiriwa. Jina lake silitaji. Mtaani kwetu Eldoret tulimwita Mwalimu tu. Walimu walikuwa wengi, wengine wamesoma kumzidi, lakini ukisema Mwalimu hakuna aliyekuuliza yupi.

Alifundisha darasa la saba katika shule moja ya msingi, ila sifa yake haikutoka darasani. Ilitoka kwenye televisheni. Siku hizo kituo kilikuwa kimoja, kama chama kilivyokuwa kimoja, na televisheni yenyewe pale mtaani ilikuwa moja, ya Hajji. Hajji alikuwa Msomali mwenye malori mawili na hoteli ya chai, na televisheni yake aliiweka juu ya kabati la mandazi, ikafunikwa kitambaa kilichotariziwa na mkewe. Kila Alhamisi, saa mbili kasorobo jioni, kitambaa kilitolewa. Hapo ndipo tulipoona sinema za upelelezi kutoka ng'ambo, sinema kuukuu ambazo nadhani hata huko kwao watu walikuwa wamezisahau. Sisi tulizipokea kama habari za leo.

Wengine tulikuja kujua nani ameua. Mwalimu hakujali nani ameua. Aliketi mbele kabisa, daftari la mraba mapajani, kalamu mbili mfukoni, akitafuta makosa. Mpelelezi akiwasha sigara, Mwalimu aliitazama ile sigara kama anavyomtazama mtoto anayenakili mtihani. Kamera ikienda kwa mshukiwa na kurudi, sigara imekuwa ndefu kuliko mwanzo, alijipiga paja.

"Mnaona? Inamea! Sigara inamea kama mahindi!"

Koti lililolowa mvua mlangoni likawa kavu sebuleni. Bendeji iliyokuwa mkono wa kushoto ikahamia wa kulia. Siku moja gari la mpelelezi lilipigwa risasi mtoni, kioo cha mbele kikamwagika chote, na dakika mbili baadaye akaingia nalo mjini kioo kizima kinang'aa. Watu walikuwa wanashangilia kwamba amepona. Mwalimu alisimama akageukia umati.

"Kioo amenunua wapi? Njiani nimeona ng'ombe na miti. Duka la kioo sijaona."

Sinema ikiisha alitoa alama juu ya arobaini, kama insha. Nyingi zilipata kumi na nane, kumi na tisa. Iliyozidi ishirini na tano aliisifu. Na alikuwa na utaratibu wake: kila sinema ilipewa ukurasa mmoja. Ikionyeshwa mara ya kwanza, aliandika kwa kalamu ya bluu. Kwa kuwa kituo kilikuwa na kanda chache, sinema ileile ilirudi baada ya miezi michache, na Mwalimu hakufungua ukurasa mpya. Alirudi kwenye ukurasa uleule, akaongeza makosa mapya chini, kwa kalamu nyekundu. Bluu ya kwanza, nyekundu ya marudio. Hata mpishi wa Hajji, ambaye hakusoma, alilijua hilo. Tarehe hakuandika. Aliandika kama waandikavyo walimu katika maandalio yao ya kazi: wiki ya nne, wiki ya tisa. Maisha yake yote yalihesabiwa kwa wiki za muhula, na likizoni ungedhani haishi.

Marudio yalikuwa na matata yao. Mtu wa kanda huko Nairobi hakuwa makini, akawa anaziweka ovyo, ya saba kabla ya nne. Kuna sajini mmoja mnene, msaidizi wa mpelelezi, aliyeuawa kwa sumu tukamsikitikia wiki nzima. Alhamisi iliyofuata akaingia ofisini akila tufaha.

"Wallahi huyu tulimzika!" Hajji alisema, birika mkononi.

"Mungu ni mkubwa," mmoja akajibu.

"Mungu hayumo hapa," Mwalimu akasema. "Kuna mtu amelala kazini."

Alikiandikia kituo barua kuhusu yule sajini. Alikiandikia barua nyingi, kwa Kiswahili kilichonyooka, akitaja sinema na kosa na dakika yake. Hakujibiwa hata moja. Hakukata tamaa, na hilo lilinivutia. Katika nchi ambayo watu walikuwa wanashusha sauti wakitaja bei ya sukari, huyu alikuwa anaiandikia ofisi ya serikali kuiambia kwamba imekosea. Nikamwona jasiri. Leo najua kwamba kusahihisha sigara ya Mzungu hakumfungi mtu.

Alikuwa na misemo. Alioupenda zaidi ni huu: "Mwongo hakamatwi kwa neno kubwa, anakamatwa kwa kifungo." Maana yake, usimsikilize anachodai, tazama vifungo vya shati lake, kama vilifungwa mwanzo na vimefunguka katikati. Aliutumia kwa wanafunzi waliochelewa, kwa wauza maziwa, hata kwa mhubiri mmoja aliyekuja kutusimulia alivyokufa na kufufuka. Lakini nyani haoni kundule. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekatika kidole kimoja, na kisa cha kidole hicho nilikisikia mara tatu: mara panga, mara mashine ya kusaga, mara nyoka wa huko alikozaliwa. Ukimkumbusha, alikasirika. "Mimi sio sinema," alisema.

Alikuwa bahili wa sifa na mkarimu wa muda. Hapa lazima nimtendee haki, hata kama inaniuma. Kaka yangu Kibet aliacha shule darasa la sita baba alipofariki, akaingia kiwanda cha nguo ili mimi nisome. Ndiye aliyenilipia karo hadi kidato cha nne. Mwalimu alipopata habari, alimwita Jumamosi moja, akamwambia: "Wewe kijana, kichwa yako haijakufa. Kuja na kalamu." Kwa miaka miwili alimfundisha kila Jumamosi nyumbani kwake, bila senti, mpaka Kibet akafanya mtihani wa darasa la saba akiwa mtu mzima, ndevu kidevuni, kati ya watoto. Alipofaulu, Mwalimu alilia. Nilimwona. Mama yetu alimpelekea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, naye akakipokea kwa mikono miwili kana kwamba ndiye aliyefaulu.

Kwa hiyo Kibet alimpenda, akawa anakaa nyuma yake tu kwa Hajji, juu ya kreti za soda, mimi kando yake. Na Kibet alikuwa na macho. Alhamisi moja sinema ya marudio ilikuwa inaonyeshwa, ile ya mjane na mkufu, Mwalimu keshaandika makosa yake kwa nyekundu na kuridhika, Kibet akasema polepole:

"Mwalimu, hiyo saa ya ukuta."

"Saa gani?"

"Ya hapo ofisini. Ameingia ikiwa saa nne na nusu. Sasa anatoka, ni saa nne na robo. Inarudi nyuma."

Hoteli nzima ilicheka. Mwalimu alikuwa ameitazama sinema ile mara mbili na hakuiona saa. Akaudhika wazi, halafu akainamia daftari. Akaandika kwa nyekundu, na akatuonyesha ili tusiseme ameiba: *Saa ya ukutani inarudi nyuma. Kibet ndiye aliyeona.* Pembeni: *wiki ya tano.* Ndiyo mara ya pekee jina la mtu mwingine kuingia katika daftari lile. Kibet alitembea njia nzima ya kurudi nyumbani akitabasamu.

Asubuhi iliyofuata walimkamata getini kiwandani.

Nitaeleza kwa kifupi, maana kesi zenyewe za wakati ule zilikuwa fupi. Kulikuwa na manung'uniko kiwandani kuhusu saa za kazi, na Kibet, tangu apate cheti chake, alikuwa anawasomea wenzake barua na kuwaandikia. Hilo lilitosha mtu kumtaja. Mashtaka yalisema kwamba Alhamisi, saa mbili na nusu usiku, karibu na stesheni ya reli, alionekana akigawa karatasi za uchochezi, akakimbia, akaangusha mfuko. Karatasi zilikuwepo mezani mahakamani, na mfuko pia. Saa mbili na nusu ya Alhamisi hiyo Kibet alikuwa kwa Hajji juu ya kreti, akiitazama saa inayorudi nyuma.

Mama aliuza ng'ombe, tukapata wakili kijana kutoka Nakuru, mwenye suti moja. Akatafuta mashahidi. Hajji alikuwa amesafiri na lori lake kwenda kaskazini kwenye msiba, na hakuna aliyejua atarudi lini. Mpishi alisema hakumbuki. Wengine, wale waliokuwa wanashangilia kila wiki, ghafla hakuna aliyewahi kuona televisheni maishani mwake. Mimi nilikuwa ndugu, na neno la ndugu, watu walisema, halina uzito. Alibaki Mwalimu na daftari lake.

Wakili alipouona ule ukurasa mwekundu alikaribia kuimba. Wiki ya tano ya muhula wa pili ilikuwa wiki ileile. Jina la Kibet lipo, kwa mwandiko wa mwalimu wa serikali, mtu asiye ndugu, asiyejulikana kwa siasa. Mwalimu alikubali kuja. Mama alilala siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu akamatwe mwanawe.

Mahakamani alivaa koti la kijivu. Aliulizwa kama daftari ni lake, akasema ni lake. Wakili akamwuliza jina la Kibet aliliandika lini.

"Hiyo sinema ilionyeshwa mara mbili," Mwalimu alisema. "Muhula wa kwanza na muhula wa pili. Siwezi kujua ni lini kati ya hizo."

Wakili alitabasamu, akidhani shahidi wake anataka kusaidiwa. "Lakini Mwalimu, hapa juu umetumia bluu. Na hapa jina la mshtakiwa liko kwa nyekundu. Rangi hizi zina maana gani?"

Nilimtazama. Mama alimtazama. Kibet, kizimbani, alikuwa ameinama mbele kidogo, kama alivyokaa kwa Hajji.

"Hazina maana," alisema Mwalimu. "Natumia kalamu yoyote iliyo karibu."

"Na wiki ya tano? Ya muhula upi?"

"Sikuandika muhula. Kila muhula una wiki ya tano."

Watu walicheka mahakamani. Hakimu mwenyewe alitabasamu. Daftari la mtu mzima la kuhesabu sigara za kwenye sinema, hilo ndilo ushahidi? Wakili aliketi. Kibet alipewa miaka minne.

Januari iliyofuata Mwalimu alifanywa mwalimu mkuu wa shule nyingine, yenye nyumba ya mabati mapya na tangi la maji. Aliacha kwenda kwa Hajji. Nasikia hata alinunua televisheni yake mwenyewe na hakuiwasha. Mama alikutana naye mara moja sokoni, akamsalimia kwa adabu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, halafu akafika nyumbani akaketi chini jikoni na viatu vyake miguuni. Mimi sikumsalimia. Nikimwona upande huu wa barabara, nilivuka. Nilimsema kazini, kanisani na harusini. Kila aliyetaka kujua kwa nini nchi yetu imekuwa hivi ilivyo, nilimpa kisa cha kalamu mbili. Nilikuwa nakisimulia vizuri. Watu walitikisa vichwa, wakaniambia pole.

Miaka minne ikaisha. Kibet alitoka amekonda, sikio la kushoto halisikii tena kwa kipigo, na kiwanda hakikumtaka. Alilima viazi kwa mjomba wetu Ainabkoi, akaoa, akanyamaza. Ukitaja jina la Mwalimu mbele yake hakuongeza neno. Halafu mwaka mmoja, watu walipokuwa wameanza kusema kwa sauti kwamba vyama viwe vingi, tukasikia Mwalimu amestaafu, yuko Yamumbi, sukari imemla mguu. Kibet akaja kwangu Jumapili asubuhi na gunia la viazi.

"Una gari. Nipeleke nimwone."

"Nani? Yule?"

"Alinifundisha kusoma," Kibet alisema. "Nipeleke."

Nilimpeleka kwa hasira. Njiani nilipanga maneno yangu, maana nilikuwa nimeyangoja muda mrefu, na nilitaka nimwambie mbele ya Kibet asikie kwamba kuna mtu aliyemlilia.

Tulimkuta Mwalimu kitandani sebuleni, mdogo, blanketi limelala tambarare mahali mguu ulipokuwa. Kibet alimshika mkono akaushikilia. Hawakusema jambo la maana: viazi, mvua, ndama. Baada ya muda mke wa Mwalimu akalalamika kwamba ndama amekata kamba, na Kibet, ambaye hawezi kukaa kitini, akatoka kumsaidia. Nikabaki mimi na yeye.

"Ulimfunga," nikamwambia. Nilikuwa na hotuba ndefu, yote ikawa neno hilo moja. "Ulijua nyekundu ni nini. Kila mtu alijua. Ulimfunga mtoto wako mwenyewe."

"Nilimfunga," alisema. "Sikatai."

Sikutegemea jibu hilo.

"Walikuja shuleni watu wawili, kabla ya kesi," akaendelea. "Hawakunigusa. Walinitajia watoto wangu wote sita, jina na darasa, bila kukosea. Hata mimi huwachanganya. Nikaogopa. Basi. Hakuna kitu ingine. Hiyo kazi ya headmaster sikuomba, waliniletea, na nikachukua. Nimemwambia Kibet hayo yote, siku ile alitoka jela nilienda kwao kumngoja barabarani. Hakukwambia?"

"Hapana."

"Basi hakutaka ujue." Alipumua. Alikuwa anachoka. "Lakini wewe ndio sielewi. Wakili alikuja kwangu jioni, siku moja kabla ya kesi. Akaniona natetemeka. Akaniambia, Mwalimu, nikipata mtu wa pili wa kusimama na hii daftari, hata kama ni ndugu, hutakuwa peke yako. Nikamwambia, mtafute mdogo wake, alikuwa ameketi kando yake kwa hiyo kreti. Akasema amekuuliza tayari."

Nje nilimsikia Kibet akimwita ndama.

"Akasema umemwambia hukuwa kwa Hajji. Eti ulikuwa Ainabkoi."

Sasa niseme. Wakili alikuja kazini kwangu, akanikuta getini saa ya chakula. Nilikuwa karani mpya katika ofisi ya serikali, miezi mitatu kazini, miezi mitatu bado ya majaribio, kazi niliyoipata kwa vyeti alivyonilipia Kibet. Aliniuliza wazi: ulikuwepo? Nikamwambia Alhamisi ile nilikuwa Ainabkoi kwa mjomba, nililala huko. Nilikuwa sijakanyaga Ainabkoi tangu Krismasi. Hakuna mtu aliyekuja kunitajia majina ya watoto. Sikuwa na watoto. Hakuna aliyenitisha hata kidogo. Nilijitisha mwenyewe, nikiwa na sambusa mkononi, na wakili alipoondoka nilimalizia kuila.

"Umemwambia Kibet?" nilimwuliza Mwalimu.

"Mimi? Hapana. Hiyo sio yangu kusema."

Kibet aliingia akijifuta mikono kwenye suruali. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnabishana nini? Nimesikia sauti."

Akanigeuzia sikio la kulia, lile zima, akangoja. Mwalimu naye alinitazama. Hakunikazia macho wala hakunihukumu, alinitazama tu, na nilijua kwamba nikinyamaza naye atanyamaza. Chumba kilikuwa kimetulia vya kutosha. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Kama kuna mahali na saa ambapo ingeweza kusemwa, ilikuwa pale.

"Sinema," nikasema. "Zile za zamani."

Mwalimu alifumba macho. "Ndio," akasema. "Za zamani."

Kibet akacheka, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanipiga bega kwa mkono wenye matope.

"Mwalimu, huyu ndugu yangu," alisema. "Unajua alikuja kuniona jela kila mwezi? Miaka minne. Wengine wote walichoka. Huyu hakukosa hata mara moja."

"Najua," akasema Mwalimu.

Mkewe akaleta chai, nami nikaipokea, nikanywa.